Changizo uwanjani: bakuli lipite saa ngapi?

MSIMU wa pamba unapokolea mkoani Simiyu, mambo mawili huja kwa pamoja: fedha mkononi na mpira uwanjani. Kuanzia Mei, ununuzi wa pamba unapofunguliwa, hadi Agosti, timu za kata na vijiji katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huwania zawadi za kila aina, kuanzia mbuzi na ng'ombe hadi seti ya jezi. Ni katika siku hizo hizo ambapo bakuli la mchango hupita kwa watazamaji, leo kwa ajili ya madawati, kesho paa la zahanati, keshokutwa chakula cha wanafunzi.

Wapo wanaolalamika kuwa kuchangisha uwanjani ni kuvuruga mchezo. Wapo pia wanaosema watu elfu moja wakikusanyika wenyewe bila kupigiwa mbiu, ni hasara kuwaacha waondoke bila kutoa chochote kwa maendeleo ya kata yao. Pande zote mbili zina hoja. Kinachozitofautisha ni muda. Changizo la uwanjani linaendeshwa na saa mbili kwa wakati mmoja: saa ya refa na saa ya mfuko. Kamati inayoangalia moja na kuisahau nyingine huambulia lawama au bakuli tupu, na mara nyingi huambulia vyote viwili.

Saa ya refa haisubiri

Tuanze na ile ya refa. Sheria za soka zinatoa vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko yasiyozidi dakika 15. Katika viwanja visivyo na taa, ambavyo ndivyo vingi mkoani, mechi ya fainali huanza saa 10:00 alasiri. Ukijumlisha vipindi viwili, mapumziko na dakika za majeruhi, filimbi ya mwisho hulia takriban saa 11:50 jioni. Timu zikitoka sare na kanuni zikataka dakika 30 za nyongeza, tayari ni karibu saa 12:30. Mikwaju ya penalti itaisha saa 12:40, na jua la Bariadi huzama muda mfupi baada ya hapo.

Kwa maneno mengine, fainali ya namna hiyo ina akiba ya dakika chache mno za mwanga. Kamati ikichelewesha kipindi cha pili kwa dakika 20 ili bakuli limalize kuzunguka, imekula akiba yote na kukopa juu yake. Penalti zitapigwa gizani, kipa atadai hakuuona mpira, na wale waliotoka vijiji vya mbali kwa baiskeli watarudi usiku. Mwaka utakaofuata watu hao wataikumbuka adha hiyo kabla ya kuyakumbuka madawati yaliyonunuliwa.

Aidha, wachezaji waliopoa miili kwa dakika 35 badala ya 15 wako katika hatari zaidi ya kuumia misuli. Timu iliyokuwa nyuma kwa goli moja hupata pumzi, na ile iliyokuwa ikitawala mchezo huhisi kuonewa. Hapo hata mchango wa nia njema huonekana kuwa mbinu ya kumbeba mtu.

Wenzetu wa mpira wa magongo

Katika suala hili lipo la kujifunza kutoka mchezo ambao Simiyu hauna mashabiki wengi, yaani mpira wa magongo. Mchezo huo si mgeni kabisa kwa Watanzania, kwani timu yetu ya wanaume ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikiwa miongoni mwa timu sita zilizocheza. Kwa kanuni za sasa za kimataifa, mpira wa magongo wa uwanjani huchezwa kwa robo nne za dakika 15, ukiwa na mapumziko mafupi ya dakika mbili baada ya robo ya kwanza na ya tatu, na mapumziko marefu ya dakika 10 katikati.

Huko Canada na Marekani, ambako magongo huchezwa juu ya barafu, wamebuni changizo la kipekee. Desemba 5, 1993, katika mji wa Kamloops nchini Canada, mashabiki wa timu ya Kamloops Blazers waliombwa waje na midoli ya dubu na kuirusha uwanjani timu yao itakapofunga goli la kwanza. Goli lilipoingia, midoli ilimiminika, ikakusanywa na kupelekwa kwa watoto wenye uhitaji. Utaratibu huo ulisambaa katika miji mingi. Timu ya Hershey Bears ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilikusanya midoli 45,650 katika mechi moja mwaka 2019, na Januari 2025 ikakusanya 102,343.

Msomaji atauliza: midoli maelfu kwa maelfu juu ya barafu, mchezo hausimami? Unasimama. Mwaka 2019 pale Hershey ulisimama kwa takriban dakika 40. Hata hivyo, hakuna anayeyaita hayo vurugu, kwa sababu kila mhusika alijua mapema. Timu ngeni ilijulishwa, waamuzi walijulishwa, mashabiki walielekezwa kuifunga midoli ndani ya mifuko ya plastiki isilowane, na wakusanyaji walikuwa pembeni wakisubiri. Muda uliopotea ulikuwa umepangwa upotee. Tena ukumbi wao una paa na taa, hivyo dakika 40 haziwapunguzii mwanga.

Sasa linganisha na kilichotokea Florida katika msimu wa 1995/96. Mchezaji mmoja wa Florida Panthers, Scott Mellanby, aliua panya katika chumba cha kubadilishia nguo kisha akaenda kufunga magoli. Mashabiki wakaanza kurusha panya wa plastiki uwanjani kila timu yao ilipofunga. Timu ilifika fainali ya ligi mwaka 1996 huku mechi zikisimama mara kwa mara kusafisha barafu. Baada ya msimu huo ligi iliimarisha kanuni, refa akapewa mamlaka ya kuiadhibu timu mwenyeji endapo mashabiki wake watachelewesha mchezo kwa kurusha vitu.

Midoli na panya vyote vilirushwa na mashabiki wenye furaha baada ya goli. Tofauti ni kwamba midoli ilikuwa na siku moja kwa msimu, saa yake na wenye kuisimamia. Panya hawakuwa na siku wala msimamizi. Nasi tukipitisha bakuli kila mechi, kila kamati na bakuli lake, bila kumshirikisha refa wala timu ngeni, tunakuwa tumechagua njia ya panya.

Hesabu ya dakika kumi

Tuchukue mfano wa mechi yenye watazamaji 1,500. Mapumziko ni dakika 15. Ondoa tatu za mwanzo watu wanapokimbilia maji na karanga, ondoa mbili za mwisho macho yanaporudi uwanjani. Zinabaki dakika 10, sawa na sekunde 600. Mchangishaji mmoja akitumia sekunde tano kwa kila mtu, atawafikia watu 120 tu. Ili kuwafikia wote 1,500 wanahitajika wachangishaji 13.

Kamati nyingi huwa na wanne. Wanne hao watawafikia watu 480 kabla ya filimbi. Wakitaka kuwamaliza wote watahitaji dakika 31, na hapo ndipo tunapoona vijana wenye ndoo wakikatiza mbele ya watazamaji kipindi cha pili kikiendelea, wengine wakiwa ndani ya mstari wa pembeni, huku shabiki aliyezibwa akikosa kuona goli. Huyo hatatoa hata shilingi mia.

Wahamishe wanne hao hao kwenye njia za kuingilia. Watu wakianza kuingia saa 8:30 mchana hadi saa 10:00, kuna dakika 90. Watu 1,500 wakigawanywa kwa wachangishaji wanne, kila mmoja ana sekunde 14 kwa kila mtu. Hata tukikubali kuwa theluthi mbili ya watu hufika nusu saa ya mwisho, kama ilivyo kawaida yetu, bado kila mchangishaji atabaki na sekunde saba kwa kila mtu. Nguvu kazi ni ile ile, watu ni wale wale, na mchezo haukuguswa hata kwa sekunde moja.

Viwanja vya kata vingi havina uzio, na watu huingia kutoka kila upande. Lakini wengi huja kwa baiskeli na pikipiki, na kila mwenye chombo anataka mahali salama pa kukiacha. Kamati ikizungushia kamba eneo la maegesho na kuweka vijana wa kulinda, tayari imepata lango lake.

Njia ya kuingiza mchango katika kiingilio si ngeni hapa nchini. Septemba 2016, baada ya tetemeko la ardhi kuukumba Mkoa wa Kagera, wabunge mashabiki wa Simba na Yanga walikutana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuchangia waathirika. Juni 2018 Mbwana Samatta na Ali Kiba waliongoza vikosi vyao katika mechi ya hisani kwa ajili ya elimu, katika uwanja huo huo. Katika mechi za aina hiyo mtazamaji anapokata tiketi ameshachangia, na refa hana cha kusubiri. Simba na Yanga nazo, katika wiki zao za kufungua msimu, huweka shughuli za jamii kama uchangiaji damu katika siku za kuelekea kilele, ili siku yenyewe ibaki kuwa ya mpira.

Goli lina thamani yake

Pamoja na hayo, wale wa Kamloops waliligundua jambo ambalo mchumi hawezi kulipuuza: mtu hutoa zaidi anapokuwa na furaha. Wasukuma walilijua hilo kitambo. Katika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, mtazamaji aliyekunwa humtuza mchezaji pale pale, ngoma ikiendelea. Kule tuzo ni sehemu ya mchezo. Katika soka haiwezekani kumfuata mfungaji katikati ya uwanja, hivyo furaha ya goli inabidi ivunwe kwa namna nyingine.

Njia rahisi ni ahadi ya goli. Kabla ya siku ya mechi, kamati inawaendea wafanyabiashara, wenye mashine za kukoboa, wanunuzi wa mazao na watumishi, na kuwaomba waahidi: kila goli litakalofungwa, fulani atatoa gunia moja la mahindi au mfuko mmoja wa saruji. Goli likiingia, mtangazaji anataja kwa sentensi moja, mpira unapokuwa unarudishwa katikati: gunia la pili hilo. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyezibwa, na hata shabiki wa timu iliyofungwa anapata cha kujifariji.

Mapumziko yabaki kwa tangazo fupi lisilozidi dakika mbili na kwa wale wenye kutumia simu. Namba ya malipo ya kamati ichapwe kwa herufi kubwa kwenye kitambaa na kutundikwa tangu asubuhi, ikiwa na jina litakalotokea kwenye simu, ili mtu ajue anamtumia nani. Mtumaji wa simu hahitaji kufuatwa alipokaa.

Wakati mbaya kuliko wote ni baada ya filimbi ya mwisho. Walioshinda wanashangilia, walioshindwa wamenuna, na wote wanawahi nyumbani. Kinachofaa saa hiyo ni kutangaza matokeo ya changizo. Fedha zihesabiwe kipindi cha pili mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na kiasi kitangazwe kabla kombe halijakabidhiwa. Mgeni rasmi naye aombwe hotuba yake iwe fupi, maana saa ya refa inamhusu pia.

Saa ya mfuko

Kamati inaweza kupanga yote hayo kwa ustadi na bado ikaambulia patupu, kwa sababu imepiga hodi mfuko ukiwa mtupu. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na mapato ya kaya nyingi yana mdundo wake. Mbegu hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba. Januari hadi Machi ni miezi ya palizi, kunyunyizia dawa na kununua chakula. Fedha huonekana pamba inapopimwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, kuanzia Mei na kuendelea.

Tatizo ni kwamba mahitaji mengi ya jamii huja kinyume na mdundo huo. Shule hufunguliwa Januari. Njaa ya darasani huuma zaidi Februari, wakati ghala la nyumbani linakaribia kuisha. Kamati ikiitisha changizo Februari kwa sababu shida imeonekana Februari, inawaomba watu ambao wenyewe wanakopa debe la mahindi kwa jirani.

Kalenda peke yake pia haitoshi. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, lakini bei ya soko la dunia iliporomoka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikaa miezi bila kulipwa pamba waliyokwishaikabidhi. Kwa kalenda ulikuwa msimu wa mavuno, kwa mfuko ulikuwa bado msimu wa palizi. Hivyo kabla ya kupanga siku ya mechi ya hisani, kamati iulize kwa viongozi wa AMCOS za kata husika kama wakulima wamelipwa. Siku nzuri ni wiki mbili au tatu baada ya malipo kufika, madeni ya pembejeo yakiwa yamekatwa na mtu amejua kilichobaki ni chake.

Kutoka Julai hadi Januari

Kwa upande wa chakula cha shule, saa ya mfuko inaweza kusogezwa kwa kupokea mazao badala ya fedha. Tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutoa elimumsingi bila ada, michango ya lazima iliondolewa, na chakula cha mchana katika shule za kutwa kinategemea zaidi makubaliano na hiari ya wazazi. Hiari hiyo ni rahisi kupatikana Julai ghala likiwa limejaa.

Tupige hesabu. Mwanafunzi akitengewa gramu 150 za mahindi kwa mlo, gunia la kilo 100 linatoa milo 666. Shule yenye wanafunzi 600 inahitaji karibu gunia moja kwa siku. Kwa siku 60 za masomo, kati ya Januari na mwishoni mwa Machi, inahitaji magunia 60, sawa na debe 360 hivi. Katika ule umati wetu wa watu 1,500, wakipatikana 360 wa kuleta debe moja kila mmoja, shule imevuka miezi migumu. Asiye na debe alete sado, na sado tano zitafanya debe.

Debe halipitishwi kwenye bakuli wakati wa mapumziko. Litapokelewa asubuhi, kuanzia saa 3:00 hadi saa 9:00, kwenye mzani ulio kando ya uwanja, na mtoaji akapewa kadi ya kuingilia mechini. Muda huo mrefu una faida nyingine: unaruhusu ukaguzi. Mahindi yenye unyevu au yaliyoota ukungu yasichanganywe na mengine, kwani hatari ya sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zikauke vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha zihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila kutumia dawa. Bila hifadhi hiyo, mahindi ya Julai yatafika Januari yakiwa unga wa wadudu, na waliochangia hawatarudia.

Ratiba ya kufuata

Kwa kamati inayotaka kujaribu msimu ujao, mpangilio unaweza kuwa hivi. Mwezi mmoja kabla, pata kibali cha maandishi kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya na halmashauri, na weka wazi mchango ni wa nini na nani anaweka saini benki. Wiki mbili kabla, kaa na viongozi wa timu zote mbili na waamuzi, mkubaliane kwa dakika nini kitafanyika na lini. Kusanya ahadi za magoli. Siku ya mechi, mzani ufunguliwe asubuhi, wachangishaji wasimame njiani na kwenye maegesho kuanzia saa 8:30, na saa 9:55 ndoo zote ziondolewe. Mapumziko ni dakika mbili za tangazo. Kipindi cha pili ni cha kuhesabu. Mwisho ni kutangaza kiasi na kukabidhi kombe, watu waondoke kukiwa na mwanga.

Jambo la mwisho ni idadi. Kila kata ichague mechi moja kwa msimu, si kumi. Hershey huvuna midoli mingi kiasi kile kwa sababu mashabiki wanajua siku ni moja, wanajiandaa kwa miezi, na timu haiwachoshi. Mkulima wa Bariadi naye akijua kuwa fainali ya Julai ndiyo siku ya debe la shule, ataliweka kando tangu siku anapokoboa mahindi yake.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo Simiyu upo. Kazi ya kamati ni kuufikia wakati mfuko una kitu na refa hajapuliza filimbi.